Dari, Kuta, Zulia au Mpangilio? Njia Nne za Kutuliza Maktaba ya Chuo Inayokarabatiwa

Miaka kadhaa iliyopita, chuo nilichokuwa nikifanyia kazi hapa Uganda kilikarabati ukumbi mkuu wa kusomea. Zulia kuukuu liling'olewa, sakafu ikawekwa vigae vyeupe vya kung'aa, luva za zamani, yaani madirisha ya vipande yanayopitisha hewa, zikatolewa na mahali pake pakawekwa vioo vipana. Siku ya ufunguzi ukumbi ulipendeza kweli. Juma la kwanza la muhula mwanafunzi mmoja akavuta kiti, na vichwa vikainuka kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Kufikia juma la mitihani vijana walikuwa wakibeba madaftari kwenda kusomea chini ya miembe, kwa sababu nje kulikuwa na utulivu kuliko ndani.

Iliniuma, na bado inaniuma, maana fedha zilikuwepo. Alikosekana mtu wa kuuliza habari za sauti kabla ya vigae kununuliwa. Tangu hapo wakutubi wenzangu na watu wa ofisi za majengo huniuliza swali moja: tuanze na dari, kuta, zulia, au tupange upya nafasi? Nazilinganisha hapa njia hizo nne kwa ajili ya yule ambaye bajeti yake inatosha moja au mbili tu.

## Kwanza, nini hasa kinawasumbua?

Neno "kelele" hubeba mambo manne tofauti. Kuna mvumo, yaani sauti ya ndani inayodunda kwenye zege, vigae na vioo na kukataa kufa. Kuna kelele za nje: taksi, boda boda, jenereta, vipaza sauti. Kuna mvua juu ya mabati. Na kuna mazungumzo ya watu, ambayo humtoa msomaji kwenye kitabu kuliko mlio wowote, kwa sababu akili haiwezi kuacha kufuata maneno inayoyaelewa.

Vitu laini vyenye vinyweleo, kama sufu ya mawe (nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa) au pazia zito, hufyonza sauti. Vitu vizito vilivyozibwa vizuri huzuia sauti isipite. Kazi hizo mbili hazibadilishani. Ukibandika paneli za kufyonza ukutani ili kuzuia jenereta la nje, umetupa fedha. Ukijenga ukuta mnene wa matofali ili kupunguza mvumo wa ndani, huenda ukauongeza.

Jipimie kwa njia rahisi. Ukumbi ukiwa mtupu, pasua puto katikati na usikilize sauti inachukua muda gani kupotea. Kisha rudi siku ya mitihani, feni zikizunguka na viti vimejaa, ukae nusu saa ukiandika kila kilichokushtua. Orodha hiyo ya nusu saa imenisaidia kuliko vipimo vingi. Programu ya simu ya kupima desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, inatosha kulinganisha kabla na baada, mradi utumie simu ileile na usimame palepale.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo manne: inatibu nini na kwa kiasi gani, gharama na usumbufu wa kazi, maana maktaba nyingi haziwezi kufungwa muhula mzima, uimara wake mbele ya vumbi, unyevu, mchwa na moto, na inamfaa nani. Bei za shilingi siziweki kwa kuwa hubadilika kila mzigo unapoingia. Nitasema tu ipi ni ghali kuliko ipi.

Ili hesabu zisielee hewani, chukua ukumbi wa mfano wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kimo cha mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,200. Kanuni tutakayoitumia ilitokana na kazi aliyopewa Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895. Chuo hicho kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa lilikaa hewani sekunde tano na nusu hivi. Usiku, mji ukiwa umelala, Sabine alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akipuliza bomba la kinanda na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Alichokipata hutumika mpaka leo: zidisha ujazo kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa chumba, utapata sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60.

Ufyonzaji huhesabiwa kwa mita za mraba. Plasta na vigae hufyonza kama asilimia 2 au 3 ya sauti inayovigusa. Dirisha lililo wazi huhesabiwa asilimia 100, kwa kuwa sauti iliyotoka hairudi. Katika ukumbi wetu, zege, vigae na plasta vinatoa kama 26, vitabu na samani tuseme 25, na mita za mraba 30 za luva zilizo wazi zinatoa 30. Jumla ni kama 80, na mvumo ni sekunde 2.4. Kwa usomaji ningependa sekunde moja au chini kidogo.

Sasa ondoa luva, weka vioo visivyofunguka. Ile 30 imetoweka, na mvumo unapanda karibu sekunde nne. Ndicho kilichotupata sisi. Tulipunguza kelele za barabarani na tukazifungia ndani zetu wenyewe.

## Dari ya kufyonza sauti

Inatibu nini. Mvumo, na kwa nguvu kuliko njia nyingine zote, kwa kuwa dari ndiyo sehemu kubwa zaidi isiyofunikwa na rafu wala watu. Dari yenye ufyonzaji wa asilimia 80 ikienea mita za mraba 300 inapandisha jumla yetu hadi kama 310. Mvumo unashuka chini ya sekunde 0.7, na kelele zinazozalishwa ndani zinapungua kwa desibeli 6 hivi. Msomaji wa kawaida ataisikia tofauti hiyo bila kuambiwa. Tahadhari ni kwamba bodi ya jipsamu isiyo na matundu haifanyi kazi hii. Ni ngumu karibu kama plasta, ingawa mafundi wengi huiita dari ya kutuliza sauti. Unahitaji vigae vya nyuzi za madini, au jipsamu yenye matundu na sufu ya mawe nyuma yake.

Gharama na usumbufu. Ndiyo ghali kati ya njia tatu za kufyonza, na inadai majukwaa, kuhamisha taa na feni, na kufunika vitabu. Panga likizo ndefu. Usisahau pia joto: kwenye majengo yetu yasiyo na viyoyozi, slabu ya zege iliyo juu ya ukumbi hupoa usiku na kusaidia kupooza ukumbi mchana, na dari kamili huifunika. Njia ya kati ni kuning'iniza paneli wima, kama nguo kwenye kamba, zikiwa na nafasi kati yake. Hewa inapita, feni zinabaki, na paneli hufyonza kwa pande zote mbili.

Uimara. Paa likivuja, vigae vya nyuzi hulegea na kuota madoa, kwa hiyo tengeneza paa kwanza. Popo wakiingia juu ya dari, harufu yake itakufukuza kabla ya kelele. Ziba mianya yote ya ukingo wa paa. Halafu kuna rangi. Nimeona maktaba ambako vigae vizuri vilichafuka baada ya miaka michache, mkandarasi akavipaka rangi ya maji tabaka mbili ili ving'ae. Vinyweleo vyote viliziba na ukumbi ukarudi kuvuma, huku dari ikionekana mpya kabisa. Kwenye majengo ya zamani kuna jambo zito zaidi: kama dari au paa ni la shuka za asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, asikaribie mtu na drili mpaka mtaalamu ashauriwe.

Inamfaa nani. Ukumbi mkubwa na mrefu kwenda juu, wenye slabu ya zege, na chuo chenye uwezo wa kufunga kwa wiki kadhaa.

## Paneli za ukutani

Inatibu nini. Mvumo pia, hasa ule wa sauti kurukaruka kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Mita za mraba 60 za paneli zenye ufyonzaji wa asilimia 90 zinaleta jumla yetu kuwa kama 130, na mvumo unashuka hadi sekunde moja na nusu. Si sawa na dari, ila angalia ni eneo dogo kiasi gani lililofanya kazi hiyo. Unene una maana kubwa hapa. Paneli ya sentimita 5 hushika vizuri sauti za kati na za juu, na ukiiacha mbali na ukuta kwa sentimita 5 nyingine inaanza kushika na sauti nzito. Kitambaa chembamba kilichogandishwa ukutani hakifanyi lolote la maana.

Gharama na usumbufu. Wastani, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuanza na ukuta mmoja, usikilize, kisha uongeze muhula ujao. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuzitengeneza: fremu ya mbao, sufu ya mawe ndani, kitambaa juu.

Hapo kwenye kitambaa Uganda tuna utajiri wetu. Nguo ya gome la mti wa mutuba, iitwayo lubugo, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, inaweza kuwa uso wa paneli. Kipimo chake ni cha mdomo: weka kipande kinywani, puliza. Hewa ikipita, sauti nayo itapita kwenda kwenye sufu iliyo nyuma. Isipopita, tafuta kipande chepesi zaidi. Mikeka ya mafunjo nayo hufaa kwa namna hiyo. Nakiri kwamba napenda maktaba inayofanana na nchi yake, na ninajua kwamba nyuzi kavu za mimea hushika moto haraka, kwa hiyo lazima zipakwe dawa ya kuzuia moto na zijaribiwe nje kabla ya kuingia ukumbini.

Uimara. Weka paneli juu ya kimo cha mabega ili migongo, mikoba na kalamu visizifikie. Mbao zipigwe dawa ya mchwa. Na naomba hili lisikilizwe: usitumie sponji ya magodoro, hata kama ni rahisi na ipo kila duka. Mwaka 2003 kwenye klabu moja ya usiku katika jimbo la Rhode Island, Marekani, sponji ya aina hiyo iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti ilishika moto na watu 100 wakafa. Trei za mayai nazo ziache. Ni karatasi nyembamba zinazofyonza kidogo na kuwaka upesi.

Inamfaa nani. Maktaba ambayo haiwezi kufungwa, jengo la kupanga ambalo siku moja mtahama, na ukumbi ambao dari yake ni fupi au ni ya mbao nzuri ya kale isiyofaa kuguswa.

## Zulia

Inatibu nini. Watu huliona zulia kuwa dawa ya mvumo, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Zulia jembamba la kawaida hufyonza kama robo ya sauti za kati, na karibu halifanyi kitu kwa sauti nzito. Ukitandika mita za mraba 250, ufyonzaji unaongezeka karibu sawa na zile paneli za mita 60 tu. Nguvu halisi ya zulia iko kwenye chanzo: visigino, viti vinavyoburutwa, matroli ya vitabu, kalamu zinazoanguka. Sauti hizo hazina haja ya kufyonzwa, kwa sababu hazizaliwi kabisa. Na kama chini yenu kuna ukumbi mwingine wa kusomea, walio chini watawashukuru kuliko mtakavyojishukuru ninyi.

Gharama na usumbufu. Kununua ni wastani. Kutunza ndiko kunakolemea. Udongo wetu mwekundu huingia na kila kiatu, na misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba kwa maeneo ya kusini, huufanya tope. Bila mashine ya kufyonza vumbi inayofanya kazi kila siku, usiliweke.

Uimara. Vipande vya zulia vya mraba ni bora kuliko zulia la kipande kimoja, kwani kilichoharibika hutolewa peke yake. Kwenye unyevu huota ukungu, na ukungu ni adui wa vitabu. Sakafu ya vinilu, aina ya plastiki, yenye tabaka laini chini hupunguza sauti za nyayo na hupigwa deki, ingawa mvumo haiugusi.

Inamfaa nani. Ghorofa za juu, na njia za kupita kati ya rafu. Asiyeweza kumudu zulia anunue vifuniko vya mpira vya miguu ya viti. Ni kitu kidogo mno, na katika ukumbi wetu ule ndicho kilichotupatia nafuu ya kwanza.

## Kupanga upya nafasi

Inatibu nini. Mazungumzo, ambayo zile njia tatu haziyawezi. Zaidi ya hapo, ukumbi ukishatulizwa sana, mnong'ono wa meza ya tatu husikika vizuri kuliko zamani. Kwa hiyo kadiri unavyofyonza, ndivyo unavyohitaji kutenga. Dawati la huduma, mashine za kunakili na meza za majadiliano zikae karibu na mlango. Ukimya upewe sehemu ya ndani kabisa au ghorofa ya juu, mahali ambapo hakuna anayepita kwenda kwingine.

Vyumba vya majadiliano vinataka uangalifu wa fundi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni ukuta wa kugawa unaoishia kwenye dari ya kuning'inia. Sauti hupanda, huvuka juu ya dari, na kushuka chumba cha pili. Ukuta ufike kwenye slabu. Kosa la pili ni mlango: ufa wa sentimita moja chini ya mlango unatosha kuufanya usiweze kupunguza zaidi ya desibeli 23 hivi, hata ungekuwa wa mninga mtupu.

Gharama na usumbufu. Kuhamisha meza ni bure. Kujenga vyumba si bure, lakini kunaweza kufanyika kona moja baada ya nyingine.

Uimara. Rafu zilizojaa vitabu ni kinga nzuri ya sauti kati ya maeneo mawili, ila uzito wake si wa mchezo. Viwango vya ujenzi vya Marekani hukadiria kama kilo 730 kwa kila mita ya mraba kwenye eneo la rafu, na kama kilo 290 tu kwenye eneo la kusomea. Kabla ya kusogeza rafu kwenda katikati ya ghorofa, mhandisi aangalie sakafu. Na mpangilio hudumu pale tu wafanyakazi wanapousimamia.

Inamfaa nani. Kila maktaba, na hasa ile ambayo malalamiko yake ni ya watu kuzungumza.

## Mvua na barabara

Kwa mvua juu ya mabati, dari nyepesi ya kufyonza haitoshi. Inahitajika dari nzito iliyozibwa, kama jipsamu ya tabaka mbili, yenye sufu ya mawe juu yake. Tabaka la kufyonza liongezwe chini baadaye.

Kwa barabara, kumbuka hili: ukuta ukiwa wazi kwa asilimia 10, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 10, hata uwe mnene namna gani. Luva zote za upande wa barabara zikibaki wazi, paneli hazitasaidia. Kampala iko juu ya mita 1,100 na hali yake ya hewa ni ya wastani, kwa hiyo mara nyingi inawezekana kufunga upande wa barabara kwa vioo vizito na kuachia hewa iingie upande wa bustani. Jenereta la chuo lenyewe lihamishwe. Na kama kelele zinatoka kwa jirani, kanuni za kelele za mwaka 2003 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ziliziweka taasisi za elimu ya juu na maktaba za umma kwenye kundi la maeneo yenye viwango vikali zaidi, desibeli 45 mchana na 35 usiku. Barua inaweza kufanya kazi ambayo ukuta haukuiweza.

## Uchague ipi, kulingana na hali yako

Una bajeti kamili, ukumbi mrefu wa zege, na likizo ndefu mbele: weka dari, ya paneli wima kama mnategemea feni na hewa ya asili. Fedha ikibaki, tumia kwenye vyumba vya majadiliano.

Una robo ya fedha hiyo: anza na paneli kwenye kuta mbili zinazotazamana na vifuniko vya viti, muhula huuhuu.

Uko ghorofa ya pili na malalamiko yanatoka chini: zulia la vipande kwenye njia za kupita, kabla ya kitu kingine chochote.

Paa ni mabati na mko sehemu yenye mvua nyingi: dari nzito kwanza. Paneli zilizowekwa kabla ya hapo zitasahaulika wingu la kwanza likipasuka.

Mnabadilisha luva kuwa vioo na viyoyozi: usikubali mpango huo upite bila dari au paneli ndani ya mkataba uleule, kwa sababu baada ya vioo kuwekwa bajeti itakuwa imekwisha.

Huna shilingi hata moja: hamisha mashine ya kunakili, geuza meza, tenga eneo la ukimya lenye msimamizi wake, na uanze kuandika ile orodha ya nusu saa. Ombi lako la fedha litakuwa na ushahidi.

Na kwa yeyote anayefika hatua ya zabuni, andika kwenye nyaraka kiwango cha ufyonzaji unachotaka, unene wa paneli, sharti la kutoshika moto, katazo la kupaka rangi vigae, na kwamba muda wa mvumo utapimwa ukumbini mbele ya mkandarasi kabla ya malipo ya mwisho kutoka.